Jua Haki Zako: Ruhusa ya Hewani Haipandi Mtandaoni

Tuseme ni Jumapili, ibada imekwisha. Mwalimu wa kwaya iliyozaliwa Bibokoboko, ambayo leo inaimbia Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu vita viliwateremsha watu kutoka mlimani, anabisha hodi kwenye ofisi ya redio ya mtaani.

"Karibu, Mama. Keti."

"Asante, Baba Mkurugenzi. Mwanangu aliye Marekani amenitumia sauti kwenye simu. Anasema jana alisikia wimbo wetu katika redio yenu. Nani aliwaruhusu kuupeleka huko?"

"Mama, si mlituletea wenyewe kwenye flashi? Mkasema tuupige kila asubuhi."

"Tulisema muupige hapa. Marekani hatukuitaja."

Wote wawili wana neno. Mkurugenzi hakuiba, aliletewa. Mwalimu naye hadanganyi; alitoa ruhusa akiwa na watu wa Baraka akilini, wale wanaosikiliza FM wakiosha vyombo au wakisubiri mtumbwi. Katikati yao kuna jambo ambalo hawakuzungumza siku ile flashi ilipobadili mikono, na ndilo tunalolieleza leo: ruhusa ya kupiga wimbo hewani na ruhusa ya kuupeleka kwenye intaneti ni ruhusa mbili.

Makala haya yanatoa mwanga wa jumla. Ukiwa na kesi yako, mtafute mwanasheria aisome karatasi yako.

Kwa nini redio zetu ziko mtandaoni

Mawimbi ya FM husafiri kama mtu anayeona mbele tu. Mlima ukisimama, nayo husimama. Kutoka Baraka kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi milima ya Bibokoboko, kuna mabonde ambayo sauti ya redio haiyafikii vizuri. Lakini mlima si kizuizi pekee. Wasikilizaji wenyewe wametawanyika. Kuna watu wa Fizi katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, tangu miaka ya 1990. Wako Burundi, wako Nairobi, na maelfu wamepelekwa Marekani kama wakimbizi. Mtu aliye mbali hivyo akinunua mega za simu, kitu cha kwanza anachotafuta ni sauti ya nyumbani: habari, salamu, matangazo ya misiba na nyimbo.

Kwa hiyo redio inaweka matangazo yake kwenye Facebook, kwenye YouTube, au kwenye kiungo cha kusikilizia moja kwa moja. Habari za kituo ni mali ya kituo, hazina shida. Shida huanza muziki unapoingia.

Wimbo mmoja, wenye haki watatu

Ukishika flashi yenye wimbo, umeshika chombo tu. Haki zilizomo zina wenyewe, na kwa kawaida ni watatu.

Wa kwanza ni mtunzi: aliyeandika maneno na aliyeweka sauti. Wa pili ni waimbaji na wapiga vyombo, yaani wale ambao sauti zao na vidole vyao vinasikika. Wa tatu ni mtayarishaji, aliyegharimia na kusimamia kurekodi. Katika kwaya ya kanisa, watatu hawa mara nyingi ni kundi lile lile, na ndiyo maana watu hudhani haki ni moja. Lakini studio ya Uvira au Bujumbura ikiwarekodia kwa gharama yake, inaweza kuwa na haki juu ya ile rekodi hata kama haikutunga neno hata moja. Ndiyo sababu kwaya iulize kabla ya kuingia studio: tukilipa, rekodi ni ya nani? Jibu liandikwe.

Katika Kongo, haki hizi zinalindwa na Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayohusu haki za watunzi na haki jirani, yaani haki za waimbaji, watayarishaji na vituo vya utangazaji. Katiba ya 2006 nayo, katika ibara ya 46, inasema haki za watunzi zinalindwa na sheria. Kongo pia imo katika Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za watunzi kuvuka mipaka.

Mambo mawili katika kanuni hizi yanamhusu moja kwa moja mtu wa Bibokoboko.

La kwanza: haki huzaliwa pamoja na wimbo. Mkataba wa Berne unakataza nchi kumdai mtunzi wa kigeni muhuri, ada au kuandikishwa ndipo alindwe. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie, "Wimbo wenu hauna karatasi, ni wa wote." Karatasi husaidia kuthibitisha, haizai haki.

La pili: haki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Joseph Kabasele, aliyejulikana kama Grand Kallé, alifariki 1983. Haki zake za utunzi zinakwenda hadi mwisho wa 2033. Remmy Ongala, aliyezaliwa upande wa Kindu akajulikana Dar es Salaam, alifariki Desemba 2010. Kwa hesabu hiyo ya miaka 50, ambayo Tanzania pia inaitumia, zake zinafika mwisho wa 2060. Mtangazaji anayesema "huo wimbo ni wa zamani, hauna mwenyewe" ahesabu kwanza. Nyuma yake kuna mjane, watoto na wajukuu.

Milango minne

Fikiria nyumba yenye milango minne. Kufunguliwa mmoja hakufungui mingine.

*Mlango wa hewani.* Kupiga wimbo kwenye FM. Mtunzi ana haki ya kuruhusu au kukataa, na kwa kawaida redio hulipia kupitia chama kinachokusanya mirabaha. Katika Kongo, kazi hiyo ilikuwa ya SONECA, iliyoanzishwa 1969, na leo ni ya SOCODA, ushirika ulioidhinishwa kwa amri ya Rais mwaka 2011. Kibali cha masafa, au kuwa na mambo yako sawa kwa CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, hakuigusi haki hii. CSAC huangalia unachosema; muziki wa watu ni jambo jingine.

*Mlango wa mtandaoni, moja kwa moja.* Matangazo yale yale yanayosikika Baraka yanasikika pia Nairobi na Marekani kwa wakati ule ule. Sheria ya 1986 iliandikwa wakati studio zilikuwa na kanda za kaseti, na intaneti haimo. Lakini haki ya mtunzi ni haki ya kuamua jinsi kazi yake inavyoufikia umma. Haikufungwa kwenye mashine moja. Kwa hiyo soma mkataba wako na SOCODA au na msanii: kama umeandikwa "FM" peke yake, usidhani intaneti imo.

*Mlango wa kuhifadhi.* Hapa ndipo vituo vingi huteleza. Kipindi kikimalizika kinaachwa kwenye ukurasa, na mtu anaweza kukisikiliza kesho au mwaka ujao. Hapo wimbo umenakiliwa. Ibara ya 11bis ya Mkataba wa Berne inasema wazi kwamba ruhusa ya kutangaza, isipokuwa ikiandikwa vingine, haina ndani yake ruhusa ya kurekodi.

*Mlango wa kuchukua kwa mwenzio.* Redio ya pili ikinasa matangazo yenu na kuyarusha upya, inahitaji ruhusa yake yenyewe. Hata baa yenye spika kubwa mlangoni, inayofungulia redio ili wateja wakae, imo katika ibara hiyo hiyo. Si jambo jipya: mwaka 1847, mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake walikataa kulipia vinywaji katika mkahawa uliokuwa ukipiga nyimbo zao bila malipo. Mgogoro ule ndio uliozaa SACEM, chama cha watunzi cha Ufaransa, mwaka 1851.

Ukisikiliza nyumbani na watoto wako, hakuna anayekudai. Sheria haiingilii kinachosikilizwa ndani ya familia.

Redio ikiwa Marekani

Baadhi ya vijana wetu walioko Marekani wamefungua redio za mtandaoni sebuleni mwao. Hao wajue kwamba sheria ya huko ni kali zaidi kwa intaneti kuliko kwa FM. Redio ya FM ya Marekani haiwalipi waimbaji kwa kupiga rekodi zao. Huwalipa watunzi tu. Ya mtandaoni hulipa wote. Kwa upande wa rekodi, leseni inasimamiwa na SoundExchange. Kwa upande wa utunzi, kuna vyama kama ASCAP na BMI. Kati ya 2021 na 2025, kiwango cha chini cha SoundExchange kilikuwa dola 1,000 kwa mwaka kwa kila kituo.

Leseni hiyo ya rekodi ina masharti ambayo yanaweza kumshangaza mtangazaji wetu:

– Ndani ya saa 3, usipige nyimbo zaidi ya 3 za albamu moja, wala zaidi ya 2 mfululizo.
– Ndani ya saa hizo 3, usizidishe nyimbo 4 za msanii mmoja, wala 3 mfululizo. Ile desturi ya kumpigia marehemu nyimbo zake mchana kutwa inavunja sharti hili.
– Usitangaze mapema orodha ya nyimbo zitakazopigwa.
– Kipindi kilichorekodiwa cha chini ya saa 5 hakiruhusiwi kuachwa mtandaoni. Cha saa 5 au zaidi kinaweza kukaa wiki 2 tu.
– Salamu zinaruhusiwa, lakini sehemu kubwa ya matangazo ikiwa ni nyimbo zinazopigwa ndani ya saa 1 baada ya kuombwa, kituo kinahesabiwa kuwa duka la kuchagua nyimbo, na leseni hii haikilindi tena.

Kwa msanii wa Fizi, kuna habari njema hapo. Fedha za SoundExchange hugawanywa kwa sheria: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu na asilimia 5 kwa waimbaji na wapiga vyombo wengine. Ile 45 hupelekwa kwa msanii mwenyewe, haipitii kwa mtayarishaji. Kujiandikisha ni bure, na msanii wa nje ya Marekani hakatazwi. Kama rekodi yenu inapigwa na vituo vyenye leseni huko, jina lenu liwe katika daftari lao.

Facebook na YouTube hazingoji hakimu

Redio ya Baraka inaweza isipelekwe mahakamani Marekani kamwe, lakini inatumia majukwaa ya Marekani, na majukwaa yana mkono wa haraka. YouTube ina mashine, Content ID, inayolinganisha sauti ya kila video na rekodi zilizosajiliwa humo. Ikipata mfanano, video inaweza kuzuiwa, kunyamazishwa, au mapato yake kupelekwa kwa mwenye wimbo. Hilo ni dai. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi: mwenye wimbo anaomba video iondolewe, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuufunga ukurasa wote, pamoja na habari zenu za miaka mingi. Facebook nayo hukata matangazo ya moja kwa moja yanapokuwa na nyimbo nzima nzima zinazofuatana.

Kuandika "Sina haki na muziki huu" chini ya video hakusaidii kitu. Ni sawa na kuchukua mbuzi wa jirani ukamfungia shingoni karatasi yenye jina la jirani.

Haki ya heshima

Mbali na fedha, mtunzi ana haki nyingine ambayo huku kwetu huenda ndiyo nzito zaidi. Ana haki ya kutajwa jina, na haki ya kupinga wimbo wake kuharibiwa au kutumiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Ibara ya 6bis ya Berne inailinda, na haki hii hubaki kwake hata akiuza nyingine zote.

Fizi imeona video za simu zinazochochea jamii moja dhidi ya nyingine, zikiwekewa wimbo nyuma yake ili zipate moto. Tuseme wimbo wa toba wa kwaya yenu umekatwa na kubandikwa kwenye video ya namna hiyo. Watu wataanza kusema kwaya yenyewe inachochea. Hapo mna haki ya kudai video iondolewe, hata kama hamkuwahi kuuza wimbo kwa franki moja. Na redio inayopokea video ya WhatsApp na kuirusha bila kuuliza sauti ni ya nani, inabeba sehemu ya mzigo huo.

Mkimbizi hapotezi wimbo wake

Wengine huuliza: nimekimbia, sina kadi ya uraia mkononi, niko kambini; nitadai haki kwa nani? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 una ibara ya 14, isiyotajwa mara nyingi. Inasema kwamba kwa kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi apewe, katika nchi anamokaa kwa kawaida, ulinzi ule ule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Mtunzi aliye Nyarugusu anaweza kuuliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kama Mtanzania anavyouliza. Aliye Nairobi anaweza kugonga mlango wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Ng'ombe wanaweza kuporwa na nyumba ikaungua, ila haki ya wimbo haikai nyumbani. Inakaa kwa mtunzi, naye ameondoka nayo.

Kinachoungua ni ushahidi. Kwa hiyo uhifadhiwe mahali zaidi ya pamoja: daftari la maneno lipigwe picha, rekodi ya mazoezi itumwe kwa sauti ya WhatsApp kwa watu wawili walio mbali ili tarehe ibaki, na majina ya waliotunga yaandikwe wakiwa bado hai na wanapatana.

Redio ifanye nini kuanzia kesho

Moja: kwa wasanii na kwaya za hapa, tumia barua ya ruhusa. Haihitaji Kifaransa cha mahakamani. Mfano:

*"Sisi, kwaya ya ……, watunzi na wenye rekodi ya wimbo ……, tunairuhusu redio …… kuupiga: (a) kwenye FM, (b) mtandaoni moja kwa moja, (c) katika vipindi vinavyohifadhiwa kwa muda wa ……. Jina letu litajwe kila mara. Wimbo usikatwe wala usitumiwe katika siasa au matangazo ya biashara bila kutuuliza. Ruhusa hii inaisha tarehe ……. Malipo: ……."*

Kisichokubaliwa kifutwe kwa mstari. Pande mbili zitie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Mbili: kwa nyimbo za wakubwa wa Kinshasa, Dar au Nairobi, uliza SOCODA kwa maandishi kama makubaliano yenu yanagusa intaneti. Msipokuwa na hakika, wimbo wao ukianza hewani, kwenye mtandao wekeni muziki wa kituo chenyewe.

Tatu: mnapohifadhi kipindi, kateni nyimbo, bakizeni maneno. Msikilizaji wa Marekani anayetafuta tangazo la msiba atalipata, na ukurasa utabaki salama.

Nne: tungeni vyenu. Mwambieni kijana mwenye gitaa awatengenezee muziki wa kufungulia vipindi, kwa malipo na barua. Kuna pia muziki wenye leseni za Creative Commons. Someni masharti, kwa maana mengine hukataza biashara na karibu yote hudai jina litajwe.

Tano: angalieni tenzi. Maneno ya mtunzi wa tenzi John Newton, aliyefariki 1807, ni huru. Tafsiri ya Kiswahili inaweza kuwa na mwenyewe, na rekodi ya kwaya fulani hakika ina mwenyewe.

Ukiona wimbo wako umechukuliwa

Kwanza hifadhi ushahidi: picha ya skrini, kiungo, tarehe na saa. Usianze kwa kutukana kwenye maoni. Anayeutumia wimbo huufuta, na wewe ukabaki na matusi yako tu.

Pili, mwandikie mwenye ukurasa. Wengi huondoa au hulipa wakipata barua ya heshima yenye ushahidi.

Tatu, akikataa, jaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya jukwaa lenyewe. Ni bure, na haihitaji wakili. Lakini usijaze kwa wimbo usio wako: unatoa tamko la kisheria, na mwenzako anaweza kulijibu.

Nne, wapelekee SOCODA kama wewe ni mwanachama. Kuchukua kazi ya mtu kwa makusudi na kwa hila ni kosa la jinai katika sheria ya 1986. Neno lake kwenye karatasi za mahakama ni contrefaçon. Likumbuke utakapofika kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Fidia nayo hudaiwa mahakamani.

Tukirudi ofisini pale, Mwalimu na Mkurugenzi hawahitaji kufika huko. Mkurugenzi avute karatasi, waijaze pamoja: FM, ndiyo; mtandaoni moja kwa moja, ndiyo, kwa sababu yule mwana aliye mbali alifurahi kuusikia; kuhifadhi, mwezi mmoja; jina la kwaya litajwe, na jina la Bibokoboko litajwe pamoja nalo. Mama atie sahihi, kisha aulize swali ambalo lingepaswa kuulizwa siku ya flashi: "Na malipo, Baba?"